Kupanda Kwanza au Kuuliza Kwanza? Funzo la Mikoko kwa Mwanagenzi

Mjadala kuhusu iwapo anayeianza kazi asome kwanza au aanze kwa mikono ni mkongwe, na wahenga wameupa kila upande silaha yake. Wanaotetea uchunguzi husema kuuliza si ujinga. Wanaotetea vitendo hujibu kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Pande hizi mbili hukutana darasani, karakanani na shambani, na aghalabu huachana bila mshindi. Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mjadala huu hauishii katika maneno. Mahali hapo ni ufukweni, pale mtu ambaye hajawahi kupanda mkoko anaposhika mche wake wa kwanza. Akikosea, maji yatamjibu, ingawa jibu lenyewe huenda likachukua mwaka mzima kufika.

Makala haya yanashikilia kwamba swali la kusoma au kupanda limeulizwa vibaya. Anayeshindwa kupanda mikoko aghalabu hakukosa kitabu wala hakukosa bidii. Alichunguza mche akasahau kuchunguza mahali. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya maarifa ya mahali imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili ambao wanafunzi na walimu wa lugha hii wameuachia watu wa misitu na wa bahari.

Chukua mfano wa Timbwani, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, kusini mwa kivuko cha Mombasa. Pwani ya upande huo inaelekea bahari kuu. Kuna mchanga, kuna miamba ya matumbawe, na msimu wa kusi mawimbi huja kwa nguvu. Mkaazi wa Timbwani mwenye nia njema na kifurushi cha miche anaweza kushawishika kuipanda pale pale karibu na kwake, kwa kuwa ni pwani na mikoko ni miti ya pwani. Kumbe miti hiyo hupenda maji yaliyotulia na tope linalokaa. Akizunguka upande wa pili wa Likoni, nyuma ya Mtongwe kuelekea Dongo Kundu na Mwache, ataikuta mikoko imejiotea ndani ya mkono wa bahari wa Port Reitz bila kupandwa na mtu. Ni Likoni hiyo hiyo na maji hayo hayo ya chumvi, lakini ni mahali pawili tofauti kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanagenzi lisiwe “mche hupandwaje?” bali “kwa nini hapa hapana mti tayari?”

Swali hilo halina uzito kwa anayeamini kwamba mkono hujifunza wenyewe. Hoja yake ina nguvu. Fundi wa jahazi hakusomea chuoni, wala mvuvi hakuonyeshwa ramani ya miamba. Mwanagenzi alishika randa, akakosea, akakosolewa, hatimaye akawa fundi. Kwa nini basi mpanda mikoko azuiwe na karatasi? Jibu ni kwamba mwanagenzi wa jahazi hakujifunza kwa vitendo vitupu. Alijifunza chini ya jicho la mtu aliyekwisha kukosea kabla yake. Ubao uliokatwa vibaya ulionekana siku hiyo hiyo, na fundi alikuwapo kueleza kwa nini. Mche wa mkoko hauna hisani hiyo. Hupandwa leo, hubaki kijani wiki kadhaa, na wapandaji hupigwa picha. Ukifa baada ya miezi, waliopanda wamekwisha kwenda zao, na kosa halimfundishi mtu. Vitendo humfundisha yule tu anayebaki kuyaona matokeo.

Mkoko wenyewe, kwa bahati mbaya, huwarahisishia watu kosa. Mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka na kuwa kama fimbo ya kijani inayoweza kuzidi nusu mita. Anayetaka kupanda huiokota au kuichuma ikiwa imekomaa, akaichomeka matopeni, kazi ikaisha. Haihitaji kitalu. Mlilana, kwa upande mwingine, una mbegu ndogo sana zinazohitaji kuoteshwa na kutunzwa kwanza. Ndiyo maana kila anayetaka kupanda kwa haraka hukimbilia mkoko, hata mahali ambapo maumbile yangeweka mlilana. Urahisi wa mkono umekuwa mtego.

Gharama ya mtego huu imeonekana mbali na hapa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi ili kuzikinga pwani zake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikagua maeneo 23 ya upandaji na kukuta kwamba 9 kati yake hayakuwa na hata mche mmoja uliosalia. Mahali pasipofaa palikuwa miongoni mwa sababu kuu. Hawa hawakuwa wavivu, na fedha zilikuwapo. Kenya nayo ina haraka yake: mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya taifa zima kupanda miti. Nia hiyo ni njema. Hatari yake ni kwamba hesabu ya miche iliyotiwa ardhini ni rahisi kutangazwa kuliko hesabu ya iliyosimama miaka mitatu baadaye.

Wapo wanaotoka hapo na kuruka hadi upande wa pili, wakadai kwamba mtu asishike mche mpaka awe amesoma kila kilichoandikwa. Hao nao wanapotoka. Mwanagenzi wa aina hii hukusanya maandishi mpaka msimu ukampita. Isitoshe, kitabu kilichoandikiwa pwani ya Asia hakijui tope la Port Reitz. Hata mahali penyewe hubadilika: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, ukafunika mizizi ya kupumulia, na miti mizima iliyokuwa imesimama miaka mingi ikafa. Aliyesoma maelezo ya Mwache ya mwaka 1996 na kuyategemea mwaka 1999 angepanda mahali ambapo hapakuwapo tena.

Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu hali hii. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa amefariki zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, na hakuhitaji kitabu hicho ili tungo zake zisimame. Je, hii ina maana kwamba kitabu hakina kazi? La hasha. Sheria zile ni kumbukumbu ya yale ambayo midomo na masikio ya watunzi yalikuwa yamekwisha kuyajaribu, kuyakataa na kuyakubali kwa karne nyingi. Mtunzi chipukizi anayezisoma huokoa muda. Anayezisoma bila kutunga hata ubeti mmoja hapati kitu. Kwa hakika, utafiti mzuri ni vitendo vya watu wengine vilivyohesabiwa na kuandikwa.

Ushahidi wa kauli hii uko Gazi, katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Likoni. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walipanda vipande vya majaribio hapo. Hawakukaa maktabani wakisubiri uhakika, wala hawakupanda ghuba nzima kwa siku moja. Walipanda, wakarudi, wakahesabu waliofaulu na waliokufa. Kutokana na msingi huo, mwaka 2013 ulianza mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja, unaosimamia hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na msitu, kisha mapato yakaenda katika maji na shule za wenyeji. Pale Gazi, mkono na daftari vilikwenda pamoja. Jaribio lisilohesabiwa ni hasara tu, na hesabu isiyo na jaribio ni ndoto.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kenya ina aina 9 za miti ya jamii hii katika takribani hekta 61,000, na zaidi ya nusu ya misitu hiyo iko Lamu. Watu wa pwani hawakuiita yote kwa jina moja. Wana mlilana, ambao husimama mbele kabisa kupokea maji. Mkoko wenye mizizi ya upinde, unaofuata nyuma yake na kando ya vijito. Muia na mkandaa katikati. Mchu, ambao huvumilia chumvi nyingi upande wa nchi kavu. Kisha mkomafi, kikandaa na msikundazi, kila mmoja na makao yake. Anayeyajua majina haya na mpangilio wake ana ramani ya ufuo kichwani. Akiona mchu umejiotea, anajua kitu kuhusu chumvi na kimo cha ardhi kabla hajapima lolote. Anayetofautisha bamvua na maji mafu anajua ni siku zipi maji yatafika juu kabisa na ni siku zipi hayatafika. Hayo ni matokeo ya utafiti, ingawa hayakuwahi kuitwa hivyo.

Katika usemi wa leo, hata hivyo, na hasa katika matangazo na mabango, majina yote haya yamemezwa na neno moja: mikoko. Neno hilo linataja jamii nzima, na wakati huo huo linataja aina moja ndani yake. Mtu anayeambiwa “twende tukapande mikoko” anaelekea kubeba mkoko, kwa kuwa ndio neno alilopewa na ndio mche ulio rahisi kuokota. Si haki kuutwika msamiati lawama zote za miche iliyokufa. Lakini lugha iliyopoteza tofauti kati ya mkoko na mlilana imempunguzia mwanagenzi nafasi ya kuuliza swali sahihi. Asiyekuwa na jina la kitu hawezi kukiulizia.

Na maneno haya yana wenyewe ambao idadi yao inapungua. Wakataji waliotofautisha fito na pau, boriti na nguzo, waliujua msitu kwa mikono. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na marufuku ya ukataji ya mwaka 2018 iliwagusa hata wakataji wa Lamu. Kuulinda msitu ni jambo la lazima, na makala haya hayapendekezi vinginevyo. Lakini kazi ikisimama, msamiati wake husimama pia, na mzee anapoondoka huondoka na ramani. Wanafunzi wangapi wa Kiswahili wamekwenda Mtongwe, Gazi au Lamu kuyakusanya maneno haya pamoja na maarifa yaliyomo ndani yake? Idara za Kiswahili zimezoea kuhakiki riwaya na kurudia nadharia zile zile. Tasnifu moja juu ya istilahi za mikoko ingemfaa mwanaleksikografia, na ingemfaa pia kijana wa Timbwani mwenye kifurushi cha miche mkononi.

Kijana huyo afanye nini basi? Aende kwanza mahali anapokusudia, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa, katika bamvua na katika maji mafu, aone maji hufika wapi na hukaa kwa muda gani. Amtafute mvuvi au mkataji wa zamani, amwamkie kwa adabu, amuulize ni mti gani uliwahi kusimama hapo na uliondokaje. Asome yaliyoandikwa kuhusu ufuo unaofanana na wake. Kisha apande michache, ya aina inayofaa mahali hapo, aitie alama, arudi mwezi baada ya mwezi, na aandike iliyokufa bila aibu. Mwaka ukipita ndipo apande mingi. Utaratibu huu ni wa polepole, na hautoi picha nzuri ya siku moja.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana la kuiga hapo. Asiyatafute maneno kamusini tu, wala asidhani kwamba kuzaliwa katika lugha kunatosha kuijua. Aende yanakosemwa, asikilize, aandike, arudi tena. Fimbo ya kijani iliyochomekwa matopeni ina maana tu kama kuna atakayerudi kuitazama, na neno lililokusanywa kwa mzee wa pwani haliishi mpaka litumike.