Muhula Mmoja na Jiwe la Liganga

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili amalizapo muhula, huulizwa amepata alama gani. Ni nadra kuulizwa masomo yake yanahusianaje. Achukuliwe kwa mfano yule atokaye Lugarawa. Katika kemia ya madini hufundishwa kwamba chuma cha Liganga, kilichomo wilayani mwake Ludewa, kimechanganyika na titani na vanadi. Katika somo la uyeyushaji hujifunza kwamba titani ikizidi, mavi ya chuma huwa mazito ndani ya tanuru la kawaida, yasitiririke vizuri. Katika historia, kama ameisoma (na wanasayansi wengi hawaisomi), husikia kuwa wahunzi wa Kipangwa waliyeyusha chuma katika nchi hiyo kabla ya ukoloni, kwa makaa ya miti. Basi walichagua mawe yapi, na kwa dalili gani? Swali hilo halimo katika mtihani wowote, kwa kuwa kila mhadhiri hutahini lake. Yafaa muhula umalizike kwa insha moja ya kuyaunganisha masomo hayo, isahihishwe na wahadhiri wote pamoja. Hata kidato cha tatu chaweza kuanza: jiwe moja mezani, na walimu wa kemia, jiografia na historia katika chumba kimoja.