Tusome kwa Vikundi

Ndugu zangu wa Moshi mjini, Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, naomba tuanze kusoma pamoja kozi za bure za vyuo vikuu zilizoko mtandaoni.

Kozi zenyewe zipo siku nyingi. MIT ya Marekani imeweka masomo yake hadharani kwa zaidi ya miaka 20. Huhitaji kujiandikisha, na mengi unayapakua ukasome baadaye bila bando. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina OpenLearn tangu 2006, na ukimaliza kozi unapata hati ya ushiriki bila kulipa hata senti. Intaneti ya kasi nayo ilifika kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720, mwaka 2022. Mgeni anatuma picha kwao akiwa kambini mlimani, huku kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne Novemba anasubiri matokeo, simu mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba chuo kimo humo humo.

Kuambiwa peke yake hakutoshi. Duniani kote wanaojiandikisha kozi hizi ni wengi, wanaomaliza ni wachache mno. Unaanza usiku, peke yako. Mhadhiri anaongea Kiingereza cha mbio, video inakwama, ukirudia bando linakata, na neno moja usilolielewa linakuharibia somo zima. Wa kumuuliza hayupo. Kesho yake huifungui tena.

Nimekaa pia na majirani tukasoma somo la maji ya kunywa na magonjwa kwenye kompyuta moja yenye ufa kiooni. Tulishusha ubora wa video, tukawasha manukuu, na kila mtu alipoinua mkono tulisimamisha. Muuguzi mstaafu alitueleza kwa Kiswahili habari za vijidudu; fundi bomba akaeleza kwa nini chujio la tangi huziba. Kisha tukabishana, kwa sauti kabisa, kuhusu maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, yanayopita katikati ya vihamba vyetu. Somo fupi lilikula jioni nzima, na wiki iliyofuata watu walirudi.

Nchi hii ilishawahi kusoma hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Kipindi kikiisha watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee waliokaa katika vikundi hivyo bado tunao. Tuwafuate watueleze walivyoviendesha.

Sasa ombi langu. Wakuu wa shule zenye chumba cha kompyuta, fungueni Jumamosi mchana. Parokia, sharika na misikiti, mna kumbi na umeme. SACCOS na vyama vya msingi vya kahawa, tengeni fungu la bando. Mkianza na kozi ya utunzaji wa hesabu, wanachama wenu ndio watakaofaidi kwanza. Walimu wastaafu, tunawahitaji kwa Kiingereza chenu na kwa uvumilivu wenu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika na wa KCMC, mnajua tayari kusoma kwa njia hii: njooni mkae na kikundi kimoja. Na ninyi mnaopanda kuja nyumbani Desemba kutoka Dar es Salaam, pakieni kwenye gari ile kompyuta mpakato iliyolala kabatini.

Kikundi kisizidi watu kumi. Chagueni kozi moja fupi, na mmoja wenu apakue masomo usiku, bando likiwa nafuu. Mjadala uwe kwa Kiswahili, au kwa Kichagga kama ndiyo lugha ya bibi aliyekuja kusikiliza.

Mkutano ujao wa mtaa au kijiji, simameni mwombe jambo hili liingie kwenye ajenda, na msitoke pale bila kupata chumba, siku, na mtu wa kushika ufunguo.