Kutengeneza Lipu ya Ukuta Iliyochakaa

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba ya mawe ambayo lipu yake imechakaa aweza kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, hata kama hajapata kushika mwiko, mradi asifanye haraka.

Kwanza gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima patatoa sauti nzito. Palipoachana na mawe patalia kama kibuyu kitupu. Hapo bomoa lipu yote mpaka kwenye jiwe, kwa maana ukipaka juu ya kitu kilicholegea, mpya na ya kale zitaanguka pamoja. Palipo na unyevu, tafuta kwanza maji yatokako: pengine ni bati linalovuja, au udongo uliorundikana nje ya ukuta. Maji yasipozuiwa, kazi yote ni bure.

Kisha kwangua chokaa na rangi ya zamani, panua nyufa kwa ncha ya kisu, na palipo laini pakwaruze papate kushika. Fagia vumbi, ziba mashimo, uyaache yakauke.

Kwa lipu ya saruji, changanya kopo 1 la saruji, kopo 1 la chokaa na makopo 6 ya mchanga mwembamba uliochekechwa. Usizidishe saruji ukidhani waongeza nguvu: lipu ya juu ikiwa ngumu kuliko ya chini, hupasuka na kubanduka. Kwa sababu hiyo hiyo ukuta wa udongo haufai kupakwa saruji. Hutakiwa udongo au chokaa. Changanya kiasi utakachomaliza kwa muda wa saa moja, kwani saruji iliyoanza kuganda haifai kuongezwa maji.

Anza na ukuta mdogo wa chumba cha nyuma. Uloweshe, lakini maji yasiwe yakitiririka. Inua kidogo ukingo mmoja wa mwiko, upake kutoka chini kwenda juu, unene wa milimita 3 hadi 5 tu. Ikianza kukaza, lainisha kwa ubao uliolowa. Baadaye nyunyizia maji kwa siku kadhaa, wala jua lisiikaushe upesi.

Chunga macho yako: chokaa na saruji huunguza. Zikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali.

Ukuta wa kwanza hautanyoka kama wa fundi. Ukishika vema, endelea na wa pili. Usiposhika, afadhali hasara ya makopo machache ya saruji kuliko ya nyumba nzima.