Usugu wa Dawa Si Kosa la Kibarua Peke Yake



Kila inapozungumzwa habari ya dawa zisizoponya tena, kidole huelekezwa kwetu. Husemwa kwamba kibarua wa shamba la miwa hununua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili dukani, humeza mpaka homa ipungue, kisha huacha, na vijidudu vilivyobaki hupata usugu. Maneno hayo yana ukweli, wala hatuyakatai. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo kama hilo mwaka 1945 alipotunukiwa Nobel: anayemeza dawa pungufu huvifundisha vijidudu kuishinda. Basi kila mmoja wetu na amalize dozi yake, na aache kugawana vidonge na jirani.

Lakini huo ni upande mmoja tu wa habari. Usugu hauzaliwi dukani peke yake. Huzaliwa pia wodini, na mara nyingi hupita katika kitu kidogo ambacho mgonjwa hukipokea kwa shukrani, yaani mrija wa dripu.

Mrija wa mshipani umeokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo ngozi ndiyo ukuta wa mwili, na mrija ni tundu katika ukuta huo. Mkono usionawa, au ngozi isiyosafishwa vizuri, huingiza vijidudu. Vikifika kwenye plastiki hujijengea utando wa ute na kujificha ndani yake, na dawa haivifikii ipasavyo. Ndiyo maana mara nyingi homa hushuka mgonjwa anapopewa dawa na hurudi dawa inapokwisha. Mrija wenye hatari kubwa kuliko yote ni ule unaoingizwa katika mshipa mkubwa wa shingo, kifua au kinena, kama wanavyowekewa wagonjwa mahututi na wengi wa wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo.

Kijidudu cha kuogopwa zaidi hapo huitwa stafilokokasi. Huishi puani na juu ya ngozi za watu wengi bila kuwadhuru, lakini kikiingia katika damu hupenda kung'ang'ania vali za moyo. Hapo huzitafuna vali, mpaka damu inarudi nyuma, pumzi inakuwa fupi na miguu inavimba. Vipande vya uchafu hukatika na kusafiri na damu, na kikifika kimoja kichwani mtu hupooza. Mtu aliyelazwa kwa malaria anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa wa moyo ambao hakuingia nao.

Sisi wa Uganda tunayo sababu ya pekee ya kuogopa. Watu wetu wengi wana vali zilizokwisha kuharibiwa tangu utotoni na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, na vali yenye kovu hushikwa upesi. Hapa dawa ya zamani bado ina nguvu. Huko Gulu watoto na vijana zaidi ya 800 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo walifuatwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa penisilini kila mwezi, hata mmoja katika mia hakufika kuzidiwa. Kati ya wasiochomwa, walizidiwa wanane katika mia. Dawa inayofanya kazi namna hiyo ni mali ya kulindwa.

Kwa stafilokokasi mambo ni mengine. Penisilini iliposhindwa ikaletwa methisilini, na ilipofika mwaka 1961 waganga wa Uingereza walikwisha kutangaza stafilokokasi zisizouawa nayo. Walizipata kwa wagonjwa waliokuwa hospitalini. Leo mwenye kijidudu cha namna hiyo hutegemea dawa za bei kubwa zaidi, nazo hupitia mrija huo huo.

Je, hakuna njia? Ipo, na si ya gharama kubwa. Katika jimbo la Michigan, Marekani, wodi 103 za wagonjwa mahututi zilikubali kufuata mambo matano: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kikamilifu wakati wa kuingiza mrija, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka kinena inapowezekana, na kuuondoa mrija mara usipohitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kwa kila siku 1,000 za mirija, maambukizo ya damu yalishuka kutoka wastani wa 7.7 hadi 1.4 katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Haikununuliwa mashine ngeni wala dawa mpya.

Lakini jambo linalotuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi ni hili: muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiona hatua moja imerukwa. Mfanyakazi wa chini alipewa haki ya kusema "simama," na wakubwa wakatakiwa kumsikiliza. Sisi wa viwandani tunaielewa haki hiyo, kwani ndiyo tunayoidai mbele ya mashine isiyo na kinga.

Sasa tuulize. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku, na bomba halina maji, atanawa mara ngapi? Na mgonjwa mwenye maambukizo ya vali za moyo, ambaye kwa kawaida hupaswa kudungwa dawa kwa muda wa wiki nne hadi sita, atazimalizaje ikiwa mshahara umekatwa wiki ya kwanza na nafasi yake shambani imepewa mwingine wiki ya pili? Atatoroka wodi, na watu watasema kibarua hamalizi dozi. Huko ni kumlaumu aliyevunjwa mguu kwamba anachechemea.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lipeleke madai haya katika mazungumzo ya mkataba na mwajiri:

1. Zahanati ya shamba au kiwanda iwe na maji, sabuni, glavu na dawa ya kusafishia ngozi siku zote.
2. Kila mrija uandikwe tarehe uliyowekwa, ukaguliwe kila siku, na uondolewe mara kazi yake inapokwisha.
3. Muuguzi asiadhibiwe kwa kumsimamisha mkubwa wake kwa ajili ya usalama wa mgonjwa.
4. Likizo ya ugonjwa yenye malipo idumu mpaka matibabu yaishe, na vibarua wasiachwe nje.

Nawe ndugu, ukilazwa usione haya kuuliza, "Daktari, mrija huu bado unahitajika?" Ukiona wekundu, usaha au maumivu mahali ulipochomwa, au homa na kutetemeka kukikurudia baada ya kutoka hospitali, rudi upesi na uwaambie kwamba ulikuwa na mrija, ili damu yako ipimwe kabla ya kupewa dawa nyingine.

Tumalize dozi zetu, ndiyo. Na waajiri nao wamalize wajibu wao.