Baraji ya Lukuga: mlango wa ziwa usibaki bila mlinzi

Kila mara Ziwa Tanganyika linapopanda, kama mwaka 2021 na tena 2024, wakaaji wa pwani ya Kalemie wanahamisha magodoro na watoto, na swali moja linarudi: baraji ya Lukuga itajengwa lini? Ziwa likishuka, kama ilivyokuwa miaka ya 2000, swali hilohilo linatoka ng'ambo, upande wa Tanzania, ambako bandari ya Kigoma inahitaji kina cha kutosha kwa meli.

Baraji hiyo ilikuwepo. Wabelgiji waliijenga miaka ya 1950, Kalemie ikiwa bado inaitwa Albertville, baada ya kubishana kwa miaka mingi. Tayari mwaka 1938 mhandisi wao Égide Devroey alikuwa ameandika juu ya tatizo la Lukuga. Kazi yake ilikuwa kuzuia ziwa lisishuke mno, kwa faida ya bandari na ya reli iliyofika kutoka Kabalo mwaka 1915. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha ziwa, na maji yakaivunja. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu na kaskazini ya Katanga ilikuwa vitani. Tangu hapo, mlango wa ziwa hauna mlinzi.

Na ni mlango mmoja tu. Mito mingi inaingia katika Tanganyika, lakini Lukuga peke yake ndiyo inatoka. Mwingereza Cameron aliutambua mto huo mwaka 1874. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika chenyewe, na mwaka 1879 Hore aliona maji yakikimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Bila mtu wa kuusimamia, mlango huo unajifunga na kujifungua unavyotaka.

Hata hivyo, anayewaambia wahanga wa mafuriko kwamba baraji mpya itayamaliza, anawadanganya. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Sentimita moja tu ya maji juu yake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 320, na Lukuga haiwezi kuzitoa kwa siku moja. Tena ukuta usio na milango ya kufungua, mwaka wa mvua nyingi, utarudisha maji kwenye nyumba za watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura. Anayepanga urefu wa ukuta huo ndiye anayepanga nani atalala majini na nani atakosa bandari.

Ndiyo maana mazungumzo hayapaswi kubaki kwa wahandisi na mawaziri peke yao. Mwaka 2003 Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba juu ya ziwa hili, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Maji ni ya nchi nne, lakini mlango uko Kalemie, na vijiji vilivyo kando ya Lukuga ndivyo vitakavyopokea maji siku milango itakapofunguliwa. Wakaaji hao wana haki ya kusikilizwa kabla ya gunia la kwanza la saruji kufika.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja. Kipimo cha ziwa kisomwe na kutangazwa redioni kila juma, ili mwenye nyumba ya pwani ajue mapema. Mlango wa mto uondolewe mchanga na majani kabla ya msimu wa mvua. Na serikali iache kutoa hati za viwanja mahali ambapo ziwa limeshaonyesha kwamba ni pake.

Kisha baraji ijengwe, yenye milango, yenye wafanyakazi wanaolipwa, na yenye fedha za matengenezo zilizotengwa kila mwaka na nchi zote nne. Ile ya kwanza haikuvunjwa na maadui. Ilivunjwa na maji, na baada ya hapo ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 60. Ya pili ikikosa mlinzi, itafuata njia ileile.