Pochi ya kidijitali ya afya: mzazi, uliza kama ni programu huria

Mzazi wa Bariadi, Itilima au Meatu, kadi ya kliniki ndiyo shahidi wa chanjo za mwanao: BCG aliyopata alipozaliwa, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ile ya surua na rubella ya miezi 9 na 18. Kadi hiyo ikiloa mvua, ikaliwa na mchwa au ikasahaulika familia inapohama na mifugo, mhudumu wa kituo kipya hana pa kuanzia. Mtoto anaweza kurudiwa chanjo au kuikosa kabisa.

Pochi ya kidijitali inaweza kusaidia hapo. Ni programu ya simu inayotunza vyeti, kama pochi ya kawaida inavyotunza kitambulisho. Kituo kilichomchanja mtoto kinatoa cheti chenye sahihi ya kidijitali, wewe unakitunza, na kituo kingine kinaikagua sahihi hiyo. Mtu akibadilisha hata tarehe moja, sahihi inagoma. Ukaguzi unaweza kufanyika hata mtandao ukiwa haupo, mradi kifaa cha mhudumu kina ufunguo wa kukagulia. Pochi nzuri pia huonyesha kinachohitajika tu. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto amechanjwa hana haja ya kuona majibu ya vipimo vya mama.

Kwa nini tulizungumze leo? Leo kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, lakini Serikali imetangaza mpango wa Jamii Namba, utambulisho wa mtu tangu anapozaliwa. Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Kadiri bima inavyoenea, ndivyo utakavyoulizwa dirishani wewe ni nani. Mifumo hiyo haina budi kutengenezwa, na maoni yangu ni kwamba pochi yoyote itakayobeba taarifa za wagonjwa iwe programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake unaweza kusomwa na mtaalamu yeyote.

Utauliza: msimbo ukiwa wazi, siri zangu si zitakuwa wazi pia? Hapana. Wewe mkulima wa pamba unajua kwamba Wakala wa Vipimo hukagua mizani, na kila mtu anaweza kuona inavyofanya kazi. Hilo halimpi jirani pamba yako. Kinachokupunja ni mizani usiyoruhusiwa kuikagua. Vivyo hivyo, msimbo unasomwa na wote, ila taarifa zako hufungwa kwa ufunguo unaobaki kwenye simu yako.

Faida ya pili ni kwa vijana wetu wanaotengeneza programu. Hawalipii leseni. Wanaupakua msimbo, wanaubadilisha uongee Kiswahili, wanaziba kasoro na kuuunganisha na mifumo ya hospitali. Kampuni ikiondoka, kazi haisimami. Jambo hili si geni kwetu: DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika nchini kukusanya takwimu za vituo vya afya. Ethiopia imejenga kitambulisho chake cha Fayda juu ya MOSIP, mfumo huria kutoka India, ambao una pochi yake iitwayo Inji.

Hata hivyo, uhuria peke yake hautoshi. Kina mama wengi vijijini wana kitochi, au wanatumia simu moja na mume. Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, cheti hichohicho kipatikane pia kwenye karatasi yenye alama ya kuskani, na kikubalike sawasawa na cha simu. Pili, mtoto asinyimwe chanjo wala matibabu kwa kukosa simu au namba. Tatu, kila anayesoma taarifa zako aache alama ya kwamba amezisoma, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Diwani au mbunge wako akija kuzungumzia huduma za kidijitali, muulize mambo hayo matatu, na muulize nani anaruhusiwa kukagua msimbo. Kwa sasa, weka kadi ya mwanao kwenye bahasha ya plastiki, na baada ya kila chanjo ipige picha ukiweza.