Nauli ya Nusu kwa Kijana Mzima

Kuna maoni yaliyoenea miongoni mwetu wastaafu kwamba mtu anayesafiri nchi za nje pamoja na kijana hana budi kuwa mjanja, ama sivyo kiinua mgongo chake kitaishia barabarani. Kubana matumizi safarini ni jambo la busara, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na ujanja. Mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno, na wanaopata hasara ni vijana wale wale tunaodai kuwapeleka wakaone dunia.

Nianze na nauli. Nilipokwenda kukata tiketi za Nairobi na Kampala kwa ajili yangu na mjukuu wangu wa miaka 15, karani wa basi aliziona mvi zangu akanihurumia. Akasema, "Mzee, andika ana miaka kumi, utalipa nusu. Nani atauliza?" Nikamjibu kwamba wa kuuliza amesimama hapa kando yangu, na amekwisha kusikia. Nililipa nauli nzima. Mwenzangu mmoja niliyefundisha naye zamani alipopata habari hiyo aliniambia kuwa nimetupa fedha kwa kiburi.

La hasha. Ndugu msomaji, nimetumia zaidi ya miaka thelathini katika ualimu, mingi yake katika chuo cha kuandaa walimu, na kila mwaka nilisikia wazazi wakilalamikia wizi wa mitihani. Huuliza kwa mshangao: watoto hawa wamejifunzia wapi mambo haya? Wengine wamejifunzia dirishani pa tiketi, wakiwa wameshikwa mkono na babu zao. Kijana anayeambiwa, "Ukiulizwa, sema uko darasa la nne," hasahau somo hilo. Siku ya mtihani atalifanyia mazoezi, na mzazi hatakuwa na neno la kumwambia.

Jambo la pili ni kadi ya njano. Wapo wanaonunua kadi ya chanjo ya homa ya manjano bila kuchanjwa, wakidhani wameokoa muda na fedha. Homa hiyo huenezwa na mbu, na mbu hasomi kadi. Anayetaka kuokoa fedha kwa haki na ajue kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa mwisho wake ni miaka kumi. Atakayekutaka uchanjwe upya na kulipa upya kwa sababu miaka kumi imepita, mwonyeshe kanuni hiyo kwa adabu. Hapo utakuwa umeokoa fedha kwa kujua, wala hukumdanganya mtu.

Jambo la tatu ni njia za panya. Mtu ana haki ya kuvuka Namanga mchana kweupe, bila viza, lakini anamzungusha mtoto vichakani ili kukwepa usumbufu wa makaratasi. Sisi wa rika langu tunakumbuka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Haki iliyotugharimu miaka mingi hivyo tunaipitisha vichochoroni kama mali ya magendo! Kijana na asimame kwenye foleni, atoe hati yake, agongewe mhuri wake.

Najua jibu nitakalopewa: "Mwalimu, pensheni ni ndogo." Ni ndogo kweli, na yangu haikunyesha kutoka mbinguni. Lakini njia halali za kubana matumizi zipo tele, ila zinadai akili na jasho kidogo, na ndiyo maana wengi huzikimbia.

Chukua mfano wa fedha zenyewe. Hadi mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zikitumia shilingi moja. Leo jina limebaki lile lile, lakini thamani ni tatu: ya Kenya ni kubwa kuliko yetu mara nyingi, na ya Uganda ni ndogo kuliko yetu. Kijana wa kidato cha pili amekwisha kusoma uwiano. Basi nilimpa mjukuu daftari lenye safu tatu na kumkabidhi hesabu za safari nzima. Kila jioni aliuliza viwango, akapiga hesabu, akaandika. Tulipobadilisha fedha mpakani, mbadilishaji mmoja alitubonyezea kikokotoo haraka haraka na kutugeuzia tuone. Mjukuu akasema, "Babu, subiri, hapa sifuri moja imepungua." Sifuri hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko ile nusu ya nauli.

Huko Nairobi, kwenye makumbusho ya taifa, tulionyesha hati zetu na kulipa kiwango cha watu wa Afrika Mashariki, ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni wa mbali. Humo mna mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, ambaye aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Tulikaa humo nusu siku. Huko Kampala tulikula chapati na yai, ile wanayoiita rolex, ikikaangwa mbele ya macho yetu kando ya barabara. Kijana alishiba, daftari likapumua.

Wengine husema mtoto aachwe afurahie, hesabu ni mzigo wa wazee. Hao ndio wanaokopa ili kumtembeza mtoto katika maduka ya Dubai, na akirudi hajui safari iligharimu nini wala nani anailipa hadi sasa. Mimi naona kumficha kijana gharama ni kumnyima nusu ya safari. Anayejua kwamba kiingilio cha leo kinatoka kwenye soda ya jana, huangalia anachoonyeshwa kwa makini zaidi.

Nawasihi basi wastaafu wenzangu na wazazi. Ikiwa mfuko hautoshi, ondoeni Kampala, mwishie Nairobi. Ikiwa Nairobi nayo ni mbali, vukeni Namanga, mnywe chai, mrudi. Punguzeni siku za safari kadiri mpendavyo, lakini miaka ya mtoto iacheni ilivyo.